Taarifa ya mwaka kwa wanachama: mikono yetu

Ndugu zangu maseremala, habari za hela nazipita haraka maana mweka hazina ameshayaweka mahesabu kwenye grupu, wanaodaiwa ada wanajijua, naomba mlipe. Leo nataka tuongelee mikono.

Mwaka huu mashine ya randa ilimtafuna mwenzetu mgongo wa mkono wa kulia, ngozi na nyama zote zikaondoka, zikabaki kano nyeupe zinaonekana na mfupa. Aliyewahi kumfikia akamwagia mafuta ya taa halafu akamfunga kwa mpira wa tairi mpaka vidole vikawa vya bluu. Jamani hapana! Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, vua pete kabla hajavimba, wahi hospitali. Na kidole kikikatika kabisa kifunge kwenye kitambaa safi kibichi, tia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndo uwekwe kwenye barafu, kidole chenyewe kisiguse barafu.

Hospitali walimsafisha kwanza wakatoa nyama iliyokufa, ndo nikaelewa kwamba ngozi ya kupandikiza peke yake haishiki kwenye kano au mfupa ulio wazi, haina pa kupata damu, inatakiwa nyama yenye mshipa wake. Basi wakainua kipande cha ngozi na nyama kinenani, bado kimeshikana na mshipa wake, wakamshonea mkono hapo hapo! Mbinu hiyo madaktari wa upasuaji McGregor na Jackson wa Glasgow, Uskochi, waliiandika mwaka 1972 na mpaka leo inaokoa watu maana haihitaji darubini ya kuungia mishipa midogo. Wiki tatu mkono umeshonewa pale, analala chali, mkewe anamlisha, akikohoa anaudaka mkono kwa mkono mwingine akiogopa utachomoka. Ndo wakamtenganisha, sasa mgongo wa mkono una ngozi laini ya kinenani imetuna kama kitumbua, atarudi kupunguzwa mafuta.

Kilichoniuma ni mazoezi. Kano zisipochezeshwa zinagandamana na vidole vinakakamaa, na yeye alikosa kliniki kibao kwa kukosa nauli, sisi tulichangia upasuaji tukaona tumemaliza. Hilo ni kosa la uongozi na nalibeba mimi. Kwa hiyo naomba mkutano upitishe mfuko wetu ulipe nauli za mazoezi mpaka mtu aruhusiwe na daktari, hata kama itabidi tuongeze ada kidogo.

Juzi nimemkuta karakana anashika penseli ya kuchorea mbao. Nyundo bado.