Riwaya pendwa zina kasoro, lakini tusiwanyang'anye watoto

Mhariri,

Nimesoma barua ya mwenzetu anayetaka walimu wa Kiswahili wawakataze wanafunzi riwaya pendwa, yaani hadithi za upelelezi, mapenzi na kadhalika zinazosomwa kwa burudani, akizifananisha na pipi zinazoozesha meno. Mimi si mwalimu. Ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, na Kiswahili cha kusoma nilikipata kwenye riwaya hizo hizo, kwani shuleni sikufundishwa hata siku moja.

Foleni ya malori ikikwama, madereva na matanboi hulala chini ya trela siku mbili tatu, na vitabu hupita mkono kwa mkono hadi majalada yanabanduka. Cha kwanza nilipewa na dereva wa Mombasa: kisa cha Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na mwandishi Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar; mpelelezi huyo tunaye tangu mwaka 1960. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Nikawauliza madereva watatu kisa kiliishaje, kila mmoja akanipa mwisho wake, lakini wote walikubaliana kwamba Bwana Msa alivuta kiko chake kwanza ndipo akasema neno. Muuaji walishamsahau. Bwana Msa mwenyewe walimjua kama jirani yao, na raha ya vitabu hivi ndiyo hiyo: unarudi kukaa na mtu unayemfahamu, mbele ya rafiki yake Najum anayeuliza yale ambayo wewe ungeuliza.

Kasoro zipo, wala sizifichi. Katika nyingi nilizosoma, sadfa ndiyo inayofanya kazi ya mpelelezi. Ushahidi unamwangukia miguuni. Shujaa anapigwa risasi ya bega, sura inayofuata anaendesha gari kwa kasi. Mwandishi amempenda mno mtu wake, hataki aumie, azeeke wala ajutie jambo. Linaloniuma zaidi ni wanawake. Mwanamke akiingia tunapewa kiuno, midomo na gauni, kisha anauawa au anabusiwa. Binti yangu alipomaliza kitabu kimoja aliniuliza, "Baba, huyu dada alikuwa anafanya kazi gani?" Nilikipekua chote. Hakikusema.

Hata hivyo sitamnyang'anya. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wana vitabu vya ngeli. Cha kusoma kwa tochi usiku, taa za bweni zikishazimwa, wanacho? Kwa Kiingereza, mwandishi Barbara Kimenye alituandikia Moses, mtoto mtundu wa bweni, na watu wazima wa rika langu bado wanamtaja kama mtu waliyesoma naye. Kwa Kiswahili namtafuta wa kwetu: mama muuza samaki wa Arua mwenye jicho kali, au mzee wa Bombo anayejua siri za mtaa mzima. Waandishi wetu, mtuandikieni watu hao, na muwaache waumie kidogo.

Binti yangu ameanza chake kwenye daftari. Mhusika mkuu ni mwanamke, na ukurasa wa kwanza tu tumeshaambiwa kazi yake: anakagua lakiri za makontena.

Wakala wa forodha,
Malaba, Tororo