Rehema, nimeitazama ile filamu yako

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na kimya changu nisamehe tu. Mama hajambo, magoti ndiyo yanamsumbua. Watoto wamefunga shule, nyumba haina amani wala remoti, nakuandikia kabla hawajaamka.

Kwanza ile filamu uliyoniwekea kwenye flashi, No Man of Her Own ya mwaka 1932. Uliniambia nikimaliza nikwambie kama Clark Gable si mwanamume. Haya, ni mwanamume. Pale maktaba anapomtuma Carole Lombard, yule Connie mtunza vitabu, apande ngazi akamchukulie kitabu cha juu kabisa, na kitabu hana shida nacho, anachotaka ni kuangalia miguu, nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Na yule dada si mjinga. Kaijua nia yake, na ngazi kapanda! Umekaa kimji kama Glendale mwaka mzima unapanga vitabu, mara anaingia mtu wa suti kutoka New York. Na wewe ungepanda.

Lakini huyo Babe Stewart wako, anayeigizwa na Gable, ni mwizi, Rehema. Mnamwita mcheza kamari kana kwamba anabahatisha. Habahatishi chochote! Anakaa mezani na matajiri, karata zimeshapangwa, genge lake linajua nani wa kuliwa. Halafu ndoa yenyewe wanaiamua kwa kurusha sarafu, eti yeye neno la sarafu halivunji kamwe. Mtu anadanganya watu wote, uaminifu wake kauweka kwenye sarafu.

Na unajua kwamba Gable na Lombard walikuja kuoana kweli, mwaka 1939? Januari 1942 Carole alitoka Indiana kuuza hati za dhamana za vita, ndege ikagonga mlima karibu na Las Vegas, yeye na mama yake wakafa. Husimuliwa kwamba walibishana waende kwa treni au kwa ndege, wakarusha sarafu. Niliposoma hivyo niliizima simu.

Basi, unajua mori huu umetoka wapi. Ni Mwanaidi. Posa imepokelewa, kamati imeanza vikao, mimi nimepangwa kwenye chakula, na bwana harusi ni mtu wa mikeka ya kubeti mpira. Si ile ya kujifurahisha wikiendi. Juzi kaja hapa, shati limenyooka, kawaletea watoto soda, mama anamwita "mwanangu", tumecheka naye mpaka saa nne. Kutoka tu nje, kasimama chini ya taa ya baraza, simu usoni, anasubiri matokeo ya mechi ya Norway. Norway, Rehema! Mkeka ukachanika kwa goli la dakika za mwisho. Akarudi ndani anacheka, akaniomba nauli ya bodaboda, na nikatoa. Tena nikicheka. Wanaume wenye vishimo mashavuni wangetozwa kodi.

Mwanaidi anasema akishaoa atatulia. Si ndiyo filamu yako hiyo? Na kweli Babe anatulia, anajipeleka mwenyewe kwa yule askari aliyekuwa akimwinda, anakubali siku 90 jela ili asafishike. Hapo nilimpenda. Halafu anamwambia mkewe nini? Kwamba anasafiri kwenda Amerika ya Kusini! Anarudi anasimulia safari ambayo hakwenda, na mke anajua kila kitu, kamtulia tu anamsikiliza. Wewe ulisema hapo ndipo ulipolia. Mimi nilitaka kuirushia runinga kandambili. Hata jema analifanya kwa uongo. Ingawa jana naosha vyombo nikawaza, huenda Connie naye alikuwa... hapana, sikubali.

Mimi nilichokipenda ni pale Connie anapogundua karata zilizopangwa. Hapigi kelele. Anazichanga mwenyewe kimya kimya, mume anakaa mezani na wageni wake, analiwa. Ndicho ninachokitaka kwa Mwanaidi. Aone ile simu, ajue mikopo ya simu imefikia wapi na mshahara unaishia kwa nani. Akishayaona yote na bado akamtaka, mimi pilau nitapika na vigelegele nitapiga.

Ila nikisema mimi ataona ni wivu. Wewe anakusikiliza tangu mko bweni moja. Utampigia? Au uje kabisa, mumeo atakubali? Na kwani shemeji wako yule wa Korogwe aliachaje kubeti, alishikwa na nani? Hivi mama Mwanaidi anajua, au naye kanunuliwa soda? Nijibu kabla ya Jumapili, maana ndiyo siku ya kukusanya ahadi za michango, na mimi yangu bado sijaiandika.

Wako,
Zuhura