Kwa Atieno, pamoja na kipande cha bawa

South C, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Atieno,

Kabla hujasoma zaidi, kiweke kando hicho kifurushi kilichokuja na barua hii, na usikifungue kwa kisu. Ndani kuna kipande cha bawa. Hakijatoka kwenye ndege yoyote. Nimekiunda mwenyewe gerejini: mbavu tatu, bati la alumini la unene wa nusu milimita, ribiti 62, yaani vile vipini vya kubania bati. Kijana wa ofisi ya mabasi aliniahidi kwamba atakilaza juu ya mizigo mingine na hatakiwekea kitu. Nitakueleza mwishoni nataka ukifanyie nini.

Hamjambo huko Kisumu? Mama goti lake linaendeleaje? Mwambie kile kitenge nimekishona na nimekwenda nacho harusini. Hapa tu wazima, ila baridi ya Julai imetubana, watoto wanalala na soksi. Shemeji yako anakusalimu sana.

Sasa lile swali lako. Uliniuliza kwenye simu, nami nikageuza mazungumzo: ikiwa nataka kuruka, kwa nini niunde ndege yangu mwenyewe kutokana na seti, yaani vipande vinavyouzwa ili mtu aviunganishe, nisiendelee kukodi pale uwanja wa ndege wa Wilson kama nilivyofanya tangu nipate leseni ya urubani? Wiki tatu nimekuwa nalo hilo swali. Jibu langu ni kwamba umesema kweli. Anayetaka kuruka tu, akodi. Miaka ya kuunda ndege ni miaka ambayo huruki, au unaruka kidogo mno, maana pesa na Jumamosi zako zote ziko gerejini. Wanaoanza seti kwa kudhani wamepata njia nafuu ya kuruka ndio wanaoiacha nusu, mkia umefunikwa gunia na mabawa yameegemezwa ukutani.

Mimi nataka kuunda, Atieno. Mwaka wa 14 sasa nachora michoro ya umeme ya majengo, na wengine ndio wanaoshika vitu. Tangu tutoke karakana ya chuo sijatengeneza kitu kwa mikono yangu ambacho nimekiamini maisha yangu. Kila ndege ndogo inapopita juu ya paa letu ikienda kutua, nasimama kuitazama tumbo. Watoto wamezoea, hawaniulizi tena.

Ulisema pia kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa Karen. Hapo sikubaliani nawe. Mwaka 2019 wanafunzi wa Afrika Kusini, vijana wa shule, waliunda ndege aina ya Sling 4 kutokana na seti, kisha ikarushwa kutoka Cape Town mpaka Cairo. Na Wilson yenyewe ina jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Sisi wawili tulifuzu kazi ya bati kwenye darasa la wavulana watupu. Hatuna cha kuomba ruhusa.

Ndege niliyoichagua ni Zenith CH 750, ya viti viwili, iliyochorwa na Chris Heintz. Seti zake hutoka mji unaoitwa Mexico, lakini uko jimbo la Missouri, Marekani. Nilipima pia za Van's, kampuni nyingine ya seti ya Marekani, na kwa kweli ni ndege nzuri zaidi kwa macho na zina mbio. Lakini nyingi za Van's hupigwa ribiti ngumu, zile za mtu mmoja upande huu na bunduki ya hewa na mwingine upande wa pili ameshika chuma cha kupokea pigo. Mimi niko peke yangu usiku. CH 750 karibu yote ni ribiti za kuvuta, upande mmoja tu, kama unazopiga kwenye mifereji ya maji. Ina vibawa vidogo vilivyotangulia mbele ya bawa kubwa, vimefungwa hapo moja kwa moja, vinavyoisaidia kwenda polepole bila kuanguka. Hiyo ndiyo inayofaa viwanja vyetu vya murramu. Mwendo wake ni kama kilomita 160 kwa saa. Kutoka hapa hadi kwako hewani ni kama kilomita 270, basi ni saa moja na dakika arobaini hivi, na katikati kuna milima ya Mau ya kuvuka.

Hiyo Mau, pamoja na Wilson yenyewe, ndiyo imeninyima usingizi kuliko pesa. Unajua Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo injini ya Rotax ya nguvu za farasi 100 ikiwashwa hapa inabaki na 84 hivi, na hapo sijahesabu jua. Mchana wa Februari, joto likifika nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko futi 8,000. Injini imekosa hewa, propela imekosa hewa, bawa limekosa hewa, vyote vitatu kwa pamoja, na wewe uko ndani na abiria. Takwimu za vitabu vya seti, zile za kuondoka ardhini kwa mita chache, kwa kawaida zimepimwa kwenye usawa wa bahari siku ya baridi. Nimezifanyia hesabu upya zote kwa hewa ya hapa, kwa kalamu, usiku baada ya usiku. Inawezekana. Ila ni kwa mtu ambaye atapima kila kitu kwenye mizani kabla ya kukifunga. Kilo tano za rangi ya urembo, kilo nne za viti vya ngozi, redio ya pili, na tayari umembeba mtoto mwingine ndani ya ndege. Yangu itabaki na rangi ya bati lake panaporuhusu, na abiria wangu wa mchana atakuwa mfuko wa nguo.

Fundi mmoja wa magari ninayemheshimu alinishauri nitie injini ya Subaru, ni nafuu na spea zimejaa Kirinyaga Road. Wapo walioruka na injini za magari, siwabezi. Lakini hapo ningekuwa ninaunda vitu viwili vipya kwa mara moja, ndege na injini, na kosa likitokea nisijue limetoka wapi. Nitanunua Rotax, na nitainunua mwisho kabisa. Injini iliyokaa miaka mitatu bila kuwashwa inaota kutu ndani huku unaitunza kwa kitambaa.

Pesa nimeamua hivi: hakuna mkopo wa Sacco. Seti huuzwa kwa sehemu, mkia, mabawa, mwili, na mimi nitanunua sehemu moja, niimalize, ndipo niagize nyingine. Kuna sababu mbili. Desemba 2023 Van's, kampuni kubwa kuliko zote kwenye kazi hii, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Haikufa, inaendelea hadi leo, lakini wateja waliokuwa wamelipa amana walitakiwa wakubali bei mpya iliyo juu. Kwa hiyo sitaacha pesa nyingi kwenye mkono wa mtu ng'ambo, hata awe mwaminifu namna gani. Sababu ya pili ni mimi mwenyewe. Nitaanza na usukani wa mkia peke yake. Ni sehemu ndogo, inaingia mezani, ina kila aina ya kazi iliyomo kwenye ndege nzima: kupinda, kutoboa, kusafisha matundu, kuvuta ribiti. Nikiona nimeichukia kazi hiyo nitaacha hapo, nimepoteza kidogo.

Saa nazo nimezihesabu. Jioni tatu za saa mbili mbili, na Jumamosi saa tano: 11 kwa wiki. Toa Krismasi, toa mazishi na harusi, toa wiki za mitihani ya watoto, mwaka mzima nitapata kama 450 au 500. Nimejiwekea saa 1,000, maana wanaounda mara ya kwanza huvuka makadirio ya kitabu. Na hapo sijagusa nyaya. Basi ni miaka mitatu. Nilimwambia shemeji yako miaka mitatu, sikumwambia miwili. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kupima gereji kwa futi. Meza inaenea, na bawa moja moja linaenea. Mwili utaenea ukiwa hauna mabawa, gari likilala nje. Kuunganisha kila kitu itabidi kufanyike uwanjani. Sharti lake ni moja: nisiguse drili baada ya saa nne usiku. Alidhani anatetea usingizi wa majirani, kumbe ametetea ndege, kwa sababu mtu aliyechoka ndiye anayetoboa tundu pasipo pake.

KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, nimewaandikia, nikaambatisha michoro na maelezo ya seti. Sitatuma hata shilingi moja Marekani kabla sijapata jibu la maandishi kuhusu namna ndege ya kujiundia itakavyosajiliwa na kukaguliwa. Tangu sasa nimeanza daftari, kila hatua ina tarehe, saa na picha.

Safari ya kwanza sitaiondosha Wilson. Upande mmoja wa Wilson ni mbuga, lakini pande nyingine ni nyumba za watu, pamoja na hii yetu. Itakwenda kwa lori hadi kiwanja cha huko Kajiado, na ataanza kuirusha rubani mwenye uzoefu wa aina hiyo, si mimi. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walichapisha mwaka 2012 utafiti mrefu juu ya ndege za kujiundia. Waliona injini kuzimika na rubani kushindwa kuidhibiti ndege ndiyo mambo yanayoangusha nyingi, na kwamba saa za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Anayeipenda ndege yake kupita kiasi atataka kuirudisha kiwanjani hata pale anapopaswa kuilaza shambani.

Sasa nimefika nilipotaka. Hesabu zote hizi naweza kuzifanya peke yangu. Kuna jambo moja tu siwezi, nalo ni kuiona kazi yangu. Mtu aliyepiga ribiti 40 kwa saa mbili anaziona zote 40 ni nzuri. Ngozi ya bawa ikishafungwa, yaliyo ndani yamefungwa: mkwaruzo mdogo ambao baada ya miaka utakuwa ufa, chembe ya alumini iliyobanwa kati ya bati mbili, tundu lililosogea mno ukingoni. Unakumbuka kanuni: kutoka katikati ya tundu hadi ukingo pasipungue mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Ni wewe uliyenikaririsha.

Unakumbuka pia kazi yangu ya mtihani, mwaka wa pili? Mwalimu alikuwa ameshaipitisha. Wewe uliichukua, ukaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, ukaniambia, "Rudia." Sikusema nawe siku mbili. Nikairudia, na ile ya pili ndiyo ninayoionea fahari.

Naomba unifanyie hivyo tena. Kabla sijafunga mkia, kabla sijafunga kila bawa, kabla sijafunga mwili, njoo Nairobi. Nauli ni yangu, chumba cha wageni ni chako, na karakana yako ya Kibuye nitakulipia siku utakazoifunga, nakuomba usikatae hilo. Utaikagua kama unavyokagua tangi la mteja. Ukisema toboa ribiti zote uanze upya, nitatoboa, sitabishana. Kama huwezi, au hutaki mzigo wa namna hiyo, niambie wazi kabisa. Sitakasirika, ila sitaunda. Ndilo nililoamua katika wiki hizi tatu, na nimemwambia shemeji yako hivyo hivyo.

Ndiyo maana nimekutumia hicho kipande cha bawa. Kati ya zile ribiti 62 mimi nimeona 4 mbaya, nimeziandika kwenye daftari langu na sikuziwekea alama yoyote. Kivulie kifuniko cha upande, skrubu ni sita. Kimulike ndani kwa tochi, pitisha kucha kwenye kila ukingo. Kila unapoona kosa weka duara, kisha unirudishie kwa basi. Tafadhali usitumie penseli hata mara moja, grafiti yake, ile nyeusi ya kuandikia, huila alumini taratibu. Nimekuwekea kalamu nyekundu ya wino ndani ya kitambaa.

Nisalimie Mama na watoto.

Wako,
Mwanaidi