Mama Zuhura, kiwanja usikiuze kwanza

Kimara, Dar es Salaam

Mpendwa Mama Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Baba Neema anawasalimu, na Neema kila siku anamuulizia mwenzake. Simu ya jana, uliponiambia mnataka kuuza kiwanja mumpeleke Zuhura India akapasuliwe kwa roboti, ilikatika hatujamaliza, usingizi ukanikataa, nikaona bora niandike. Maandishi utayarudia utakapo, na shemeji naye atasoma.

Pole sana, rafiki yangu. Najua maneno "uvimbe kwenye mrija wa nyongo" yanavyomwangukia mzazi. Mimi nilipoambiwa hayo kuhusu Neema nilidhani ni saratani, nikakaa chini pale koridoni nimeuma pindo la kanga. Sivyo. Mrija unaotoa nyongo kwenye ini kuipeleka kwenye utumbo mwembamba umetanuka, ukawa kama bwawa katikati ya mto. Mtoto huzaliwa na hitilafu hiyo, na wasichana huipata zaidi kuliko wavulana. Si chakula ulichokula ukiwa mjamzito, wala si jicho la mtu. Mama mkwe akianza tena habari hizo, mweleze taratibu kwamba kitu kimeonekana kwenye altrasaundi.

Sisi tulipoteza miezi. Macho ya Neema yalikuwa yanageuka manjano, yanatakata, kisha yanarudi vilevile. Mkojo kama chai ya rangi iliyokolea, choo cheupe kama chokaa, na mkono hautoki chini ya mbavu upande wa kulia. Zahanati moja ilimpa dawa ya malaria mara mbili. Wewe hapo umeshavuka, ugonjwa wa mwanao unajulikana jina.

Sasa hiyo video ya roboti aliyokutumia shemeji. Nimeitazama mara tatu, halafu nikamkalisha mdogo wangu anayesomea udaktari anieleze. Roboti haipasui yenyewe. Daktari anakaa pembeni, macho kwenye skrini inayomkuzia kila kitu na kumwonyesha kina, vidole vyake vinaongoza mikono ya mashine iliyoingizwa tumboni kupitia matundu madogo. Vile vyuma vinajipinda kama kiwiko cha mkono, na mtetemo wa vidole vya daktari unachujwa usifike kwa mgonjwa. Kwa mrija wa mtoto, ambao upana wake ni milimita chache tu, kushona namna hiyo ni jambo kubwa. Habari ya mtoto aliyeondolewa uvimbe huu kwa roboti ilichapishwa tangu 2006. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Italia walikuwa wameshautoa kwa kamera na vyuma virefu bila kupasua tumbo. Faida yenyewe ni makovu madogo, na mtoto anaweza kuinuka kitandani mapema.

Lakini roboti ina shida zake pia. Mikono yake ni mikubwa na tumbo la mtoto ni dogo, nafasi inabana. Mashine nyingi hazimpi daktari hisia ya uzi unavyokaza, lazima aamini macho. Upasuaji huchukua saa nyingi, hasa kwa timu isiyozoea. Na bei ya mashine inavuka dola milioni moja, gharama ambayo mwishowe inamrudia mgonjwa.

Kilichonitoa hofu mimi ni kalamu ya yule daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Alichukua bahasha ya picha za Neema, akaigeuza, akachora ini, akachora kongosho, ile tezi inayotoa maji ya kusaga chakula, akachora mrija wa nyongo na mrija wa kongosho inakutana juu kuliko inavyotakiwa. "Maji ya kongosho yanapanda huku," akasema, akipitisha kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka, "yanauchoma ukuta wa mrija." Zamani, akaniambia, uvimbe ulikuwa unaachwa palepale na kuunganishwa na utumbo ili nyongo ipite. Watoto walipata nafuu, lakini wengine walipofika utu uzima saratani ikaota kwenye ule ukuta uliobaki. Ndiyo maana siku hizi unatolewa wote, kisha kipande cha utumbo mwembamba kinapandishwa na kushonwa kwenye mrija unaotoka kwenye ini. Kazi ni hiyohiyo, iwe kwa kisu cha kawaida, kwa kamera au kwa roboti.

Kwa hiyo ukifika kliniki, usianze na roboti. Muulize daktari kama atautoa uvimbe wote. Muulize ameshawafanyia watoto wangapi, na nani atamfuatilia Zuhura miaka ijayo, maana ile sehemu ya kushonwa inaweza kusinyaa, vijiwe vikajitengeneza, homa ikarudi. Neema anahudhuria kliniki mpaka leo. Alipasuliwa kwa mkono na kovu lake linavuka tumbo, refu kweli, naye anakimbia nalo uwanjani kama wenzake. Daktari akikwambia kwamba kwa umbo la uvimbe wa Zuhura kuna sababu ya kwenda India, hapo tutakaa sote tuzungumze kiwanja. Kukiuza kwa sababu ya video, hapana. Na miezi ya kutafuta mnunuzi ni miezi ambayo nyongo imetuama.

Wakati unasubiri tarehe, akipata homa ya kutetemeka, au macho yakizidi manjano, au tumbo likamshika asiweze kunyooka, mkimbize hospitali usiku huohuo. Nyongo iliyotuama huingia wadudu, kongosho huvimba, na uvimbe wenyewe unaweza kupasuka.

Njooni kwangu. Basi la Tanga litawashusha stendi ya Mbezi, na Baba Neema atakuja kuwapokea. Beba picha za altrasaundi na majibu yote ya damu, usiache hata karatasi moja, pamoja na kadi ya bima. Nguo za baridi za Zuhura usisahau, wodini usiku feni haizimwi. Neema ameshahamia kitanda cha ukutani ili mwenzake alale upande wa dirisha.

Nipigie ukishakata tiketi, hata kama ni usiku.

Ndimi rafiki yako,
Mama Neema