Somoe mwanangu, usiache Kimakonde chako kwa ajili ya koti jeupe

Somoe mwanangu,

Marahaba. Huku Mtwara sote wazima, bibi yako anakusalimia, magoti ndo yale yale. Meseji yako nimeisoma yote, nikaona nikijibu kwa voisi nitafoka bure, bora niandike hata kama itakuwa ndefu utasoma taratibu ukiwa hosteli.

Kwa hiyo unataka kuacha mada yako ya utafiti ya toni za Kimakonde cha Newala, yaani sauti inavyopanda na kushuka kwenye maneno, utafute kitu "cha kisayansi zaidi", kisa mjomba'ako kwenye arobaini alisema mbele ya watu kwamba utafiti ni maabara, darubini na koti jeupe, hayo mengine ni kupiga soga na wazee afu mnavishwa joho. Najua kwetu neno la mjomba linakaa moyoni kuliko hata la baba'ako, ila hapo kaongea asichokijua na mi nitamwambia mwenyewe, yule ni kaka yangu simuogopi.

Mi nimekuwa fundi sanifu kwenye utafiti wa korosho pale Naliendele mpaka nimestaafu, na hilo koti jeupe nililivaa mara chache sana, kazi yetu ilikuwa juani. Chukua ubwiriunga, ule ugonjwa unaofunika maua na majani machanga ya mkorosho kama umemwagiwa unga, ua linakauka na korosho hupati. Unataka kujua salfa inasaidia kiasi gani, basi miti mingine unaipiga dozi nzima, mingine nusu, mingine huigusi kabisa, na mti upi upate nini inapigwa kura, maana ukimwachia mtu achague atapeleka dawa kwenye mti ulioshiba na kuunyima uliokonda bila hata kujijua. Wakulima wakipita wanatushangaa, jamani mbona ile safu mnaiacha iteketee, serikali ina roho gani hii! Kumbe ile safu iliyoachwa ndo yenye maneno, bila yenyewe huwezi kujua kama ni salfa iliyofanya kazi au mwaka tu ulikuwa mzuri. Na ukimaliza hujamaliza, unarudia msimu mwingine na mwingine kwa sababu mvua hazifanani.

Haya, sasa chukua hiyo njia yangu uipeleke kwenye Maji Maji, ile vita ya kumpinga Mjerumani, uone. Utawagawa Wamatumbi wa 1905, nusu uwape yale maji ya mganga Kinjikitile ya kuzuia risasi, nusu uwanyime, afu uhesabu nani kapigwa risasi? Haiwezekani, kilichotokea kimetokea mara moja tu na hakina safu ya pembeni ya kulinganishia. Ndo maana mwanahistoria ana njia yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa pale pale Mlimani unaposoma wewe, watoto wa umri wako, walirudi kwao na madaftari wakawahoji wazee ambao wengine vita ile waliiona kwa macho yao wakiwa vijana, na ilikuwa imepita miaka 63 kwa hiyo wangechelewa kidogo tu wangekuta makaburi. Makaratasi ya Mjerumani yanakuonyesha vita kwa jicho la mwenye bunduki. Wazee wakaeleza habari za mashamba ya pamba ya lazima, malipo kiduchu, viboko, maakida waliowekwa na Mjerumani kusimamia vijiji, na namna watu wa Nandete walivyokwenda kung'oa ile pamba kama kusema sasa basi. Na sio kwamba mzee akisema unaandika tu kama ilivyo, hapo ndo mjomba'ako anapokosea, unamuuliza huyu, unamuuliza wa kijiji cha pili ambaye hawajuani, unaweka na barua ya Mjerumani pembeni, zinapogongana unajiuliza nani alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Yule mzee alikuwa akida? Babake alipigania upande gani? Hiyo kazi inachosha kuliko kupima korosho kwenye mzani, nakwambia mimi niliyepima.

Hesabu nako vingine kabisa. Kuna dai moja la zamani, la mtu anaitwa Goldbach, aliliandika kwenye barua mwaka 1742, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. 8 ni 3 na 5, 20 ni 7 na 13, endelea mwenyewe. Kompyuta zimekagua kupita 4 yenye sifuri 18 mbele yake na haijapatikana hata moja iliyoshindikana, na bado wanahesabu wanasema haijathibitishwa! Sisi Naliendele tungepata matokeo ya hivyo tungechinja mbuzi. Kwao mifano hata iwe mingi vipi sio uthibitisho, lazima hoja ishike namba zote mpaka zile ambazo hakuna atakayezifikia, na ikitokea moja tu imekataa basi dai limekufa siku hiyo hiyo. Sasa nani kati yetu ndo mtafiti wa kweli?

Au fizikia, mwaka 2015 ilitoka makala moja ya kupima uzito wa ile chembe ya Higgs, ina waandishi 5,154. Sio kosa la kuandika, elfu tano mia moja na hamsini na nne, kurasa 33 na 24 kati yake ni majina ya watu na vyuo vyao, maana ile mashine yao kubwa ya kugonganisha chembe hakuna mtu mmoja anayeijua yote. Mwenzio wa historia anatembea peke yake na daftari na kalamu mbili. Ukisema wa elfu tano ndo mtafiti na wa daftari sio, utakuwa unapima vifaa, hujapima kazi.

Ila kinachonikera zaidi ni kwamba mjomba'ako ni mtu wa hapa Kusini, mambo yote haya yapo mlangoni kwake. Twende Kilwa. Habari za zamani za Kilwa, zile zilizobaki kwenye maandishi ya Kiarabu na ambazo Mreno João de Barros naye alizitia kwenye kitabu chake cha 1552, zinasema masultani walitoka Shirazi, huko Uajemi. Watu wakabishana miaka na miaka, wengine wakasema ni majivuno ya wakubwa tu kujipa asili ya ng'ambo. Miaka ya 1960 akaja Neville Chittick akachimba Kilwa Kisiwani, tabaka kwa tabaka, vigae, sarafu, kuta, ikaonekana chini ya majumba ya mawe kulikuwa na watu wa nyumba za udongo wanaishi zao kabla ya nasaba yoyote ya masultani. Watu wa isimu nao, yaani watu wa aina yako, wakachambua Kiswahili wakakuta maneno ya Kiarabu mengi sana ila mifupa yake ni Kibantu, ngeli, vitenzi, mpangilio wa sentensi, ndugu yake huyo huyo Kimakonde wako unayetaka kumkimbia. Afu 2023 ndo ikatoka kazi ya vinasaba, walipima mabaki ya watu 80 wa zamani wa pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, wakakuta wengi wao upande wa mama karibu wote ni Waafrika na upande wa baba damu nyingi imetoka Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kwenyewe kulianza karibu mwaka 1000.

Uone hapo sasa. Yale maandishi yaliyodharauliwa yalikuwa na kitu ndani yake, ila hayakusimulia yote maana akina mama hawamo kabisa. Vinasaba vimewaleta akina mama, ila mfupa haukwambii yule mtoto alilelewa kwa lugha gani, alijiita nani, alimcheka nani. Hilo analo mtu wa lugha. Baba katoka Uajemi, mtoto kaongea lugha ya mama. Mwambie mjomba'ako hiyo, mtu wa ukoo wa mama kama yeye ataipenda, atadai alikuwa anaijua siku zote.

Na Tendaguru si unaijua, kule Lindi, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913 wakabebesha watu zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosa vichwani na mabegani kwa miguu mpaka bandarini Lindi, yule mkubwa amesimama Berlin ana kimo cha mita 13 na ushee. Mtu wa mifupa anakwambia mnyama aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita na alikuwaje. Siku hizi wapo wanahistoria wanaosoma barua na daftari za uchimbaji ule ule kutafuta nani hasa alichimba, akina Boheti bin Amrani aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, walilipwaje, na ardhi ilichukuliwaje mara tu baada ya Maji Maji watu wakiwa bado na njaa. Mfupa mmoja, maswali mawili, na la pili darubini hailiwezi.

Kuna na hii nilitaka nikwambie mapema nikasahau. Msitu wa Rondo kuna komba mdogo kuliko komba wote, hafiki hata gramu 100, wataalamu wamemtambua kama aina yake peke yake miaka ya 1990 tu hapa, na kitu kilichowasaidia sana kumtofautisha na wenzie ni mlio. Watu wazima na shahada zao wamekaa gizani na rekoda wanasikiliza komba, afu wanachora ule mlio kwenye kompyuta wanaangalia unapanda wapi unashuka wapi. Hivi Somoe, hiyo sio kazi yako kabisa ya toni? Wao ni sayansi, we ni soga?

Mjomba ana kapointi kamoja nisimnyime. Wapo wenzio wa sanaa wanahoji wazee watatu wa nyumba moja, mchana mmoja, wanaandika "Wamakonde wanasema". Hao waache wasemwe. Ila na kwenye sayansi wapo wanaojaza fomu za shamba wamekaa chini ya mwembe, nimewaona, kwa hiyo uvivu hauna kitivo.

Sasa sikiliza ya kufanya. Barua ya chuo ipeleke kwanza kwa katibu tawala wa mkoa, akupe ya wilaya, wilaya wakupe ya mtendaji wa kata na wa kijiji, usiruke hata ngazi moja utarudishwa na siku imeisha. Usiishie Newala mjini, pale maneno yameshachanganyika, nenda vijiji tofauti, chukua wanawake na wanaume, na utafute hata mmoja aliyekulia ng'ambo ya Ruvuma umsikie anavyotamka. Rekodi mbali na mashine ya kusaga na mbali na kuku. Neno moja mtu alitamke zaidi ya mara moja, ndani ya sentensi na peke yake, usimwambie unatafuta nini maana ataanza kukupendeza. Muombe ruhusa kabla hujawasha rekoda, na umwambie sauti yake itakaa wapi.

Andiko lako nitumie kabla hujampa supavaiza, ile sehemu ya mbinu za utafiti tu, hiyo mingine ya nadharia siiwezi. Nauli ya Newala iko kwa dada'ako, ya kwenda na kurudi, usimpe mtu.

Mama'ako