Kochi la Njiro

Marahaba mama. Nimeona zile picha ulizotuma kwenye grupu, vitu unavyouza huko Dubai, friji, meza na lile kochi la kijivu ambalo hata mwaka halijamaliza, eti kampuni inakuhamishia Singapore mwezi ujao. Nikacheka halafu nikanyamaza, mama yako akaniuliza kuna nini.

Unalikumbuka kochi letu la sebuleni, lile ulilokuwa unasomea umelala mpaka form four? Nililinunua mtaa wa Njiro, hapa Arusha, kwa familia moja ya wafanyakazi wa ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ile mahakama ilikuja hapa kwenye jengo la mikutano la AICC 1995 ikafungwa mwisho wa 2015, na mimi nimewaendesha miaka tisa, kwa hiyo maisha hayo unayoishi nayajua, nimeyaona kwenye kioo cha gari. Wasenegali, Wakanada, kila mtu na mkataba wake, ukiisha wanauza vitu chee wiki moja, Jumapili nawapeleka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Siku moja nikakauliza katoto kamoja kiti cha nyuma, we kwenu wapi? Kakasema Njiro. Na ndo tunaelekea eapoti. Wazazi wake walicheka, mimi nilishindwa.

Sasa juzi kwenye simu nimekusikia mtu anakuuliza unatoka wapi, ukamjibu kwa sasa nipo Dubai. Swali halikuwa hilo mama.

Sikukatazi kuzunguka, hela yako ndo imepiga bati hii nyumba, ntakuwa mnafiki. Ila hilo la paspoti ya nchi nyingine ulilogusia lifikirie taratibu, maana kwetu mtu mzima akichukua uraia wa kwingine huu wa Tanzania unaondoka, uraia pacha hakuna. Na kibali cha Dubai ushaona, kimefungwa kwenye kazi, kazi ikiisha unahesabu siku. Yaani uje KIA upange foleni ya wageni, pengine na viza ulipie, na mimi nje nimeshika kibango chenye jina lako kama nilivyokuwa nawasubiri wale? Hapana bwana.

Haya, kochi. Mbao bado nzima, sponji ndo imekwisha. Fundi wa Unga Limited kasema laki tatu na nusu na kitambaa juu yake. Mama yako anataka maruni, nimemwambia akusubiri wewe kwa sababu Desemba utalala hapo, chumba chako tumeweka mahindi. Nitumie rangi kabla ya Jumamosi.

Baba yako