Konzi moja juu ya gorogoro

Kongowea, Mombasa
Jumapili usiku

Mama Neema dada yangu,

Bwana asifiwe. Barua yako niliipata Alhamisi. Yule kijana wa basi aliniletea hadi mezani sokoni, nikaisoma nimesimama huku wateja wakiningoja. Usiku nikaisoma tena. Leo baada ya ibada nimeisoma mara ya tatu, na sasa watoto wamelala, mvua inapiga mabati, nimeona nisikawie tena kukujibu.

Poleni sana kwa Baba Neema kupoteza kazi yake ya udereva. Huku nako ni hivyo hivyo. Tangu makontena yaanze kupandishwa treni ya SGR hadi Nairobi, vijana wengi wa malori wa Changamwe na Miritini wamekaa nyumbani, na mimi nimelihisi jambo hilo kwenye meza yangu ya nafaka. Aliyekuwa akinunua mikebe mitatu ya gorogoro sasa ananunua nusu. Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nimeshiba.

Lakini lililoniuma zaidi katika barua yako ni yale maneno ya mhubiri, kwamba mumeo amekosa kazi kwa sababu imani yenu ni haba, na kwamba mkipanda mbegu ya sadaka mlango utafunguka. Sikubaliani naye hata kidogo, nami nasema hivyo nikijua kuwa ni mtumishi. Kumbuka siku ile tulipowapeleka watoto wa shule ya Jumapili kule Mkomani kuliona kaburi la mke wa yule mmisionari Krapf, ng'ambo ya maji kutoka Mji wa Kale. Wewe ulimbeba Neema mgongoni, na jua lilikuwa kali. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji huu huu, Mwislamu. Julai mkewe, Rosine, akajifungua mtoto wa kike akiwa na homa, akafa, na siku chache baadaye kichanga kikamfuata mamake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Sasa huyo naye tumwambie imani yake ilikuwa haba? Alipopata nguvu alirudi kwenye karatasi zake. Mtu wa kwanza aliyembatiza alikuwa Mringe, mlemavu mgonjwa aliyekuwa karibu kukata roho, na hapo ni mwaka 1851. Miaka saba, mtu mmoja. Kama imani hupimwa kwa milango iliyofunguka, basi yule mzee angefukuzwa kwenye mimbari nyingi za leo.

Uliniuliza: "Mama Baraka, wewe unamwamini vipi Mungu siku ambayo sufuria ni tupu?" Nimelifikiria sana swali hilo. Siwezi kukujibu bila kukuambia jambo ambalo nje ya watu wawili sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka jana wakati wa masika niliangukiwa na hasara. Nilinunua magunia mawili ya mbaazi kwa dalali. Juu zilikuwa safi zinang'aa, chini zimeota ukungu. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa na Baraka alikuwa anadaiwa karo. Mwenzangu mmoja wa meza ya pili akaniona nimeinama akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe nawe unapima kana kwamba uko kanisani. Bonyeza kitako cha mkebe, nani atajua?" Nilimkatalia pale pale. Usiku watoto walipolala nilichukua mkebe wangu wa gorogoro, nikaufudikiza kwenye mkeka, nikakunja kanga na kuiweka juu ya kitako ili mlio usiwaamshe, nikachukua mchi wa kinu nikapiga mara tatu. Kitako kikaingia ndani kama shavu la mtu asiye na meno. Nikaujaza mbaazi, nikazimwaga kwenye sinia, nikapima ile tofauti kwa mkono. Konzi moja nzuri.

Asubuhi nikaomba kama kawaida yangu, "Utupe leo riziki yetu." Niliomba kwa machozi, nawe wanijua, sikuwa nikiigiza. Kisha nikaubeba mkebe nikaenda sokoni.

Nikapima hivyo siku tisa. Jumatano katikati yake nilikwenda kwenye maombi ya akina mama nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amenifungulia njia.

Unamkumbuka yule bibi anayeuza mbaazi za nazi na mahamri karibu na stendi ya matatu? Kila siku hununua kwangu gorogoro mbili. Siku ya tisa alikuja, akaweka kikapu chini, akajishika kiuno, akaniambia, "Mwanangu, hebu nisaidie kufikiri. Sufuria ni ile ile, nazi ni zile zile, lakini siku hizi sahani mbili zinanipotea. Kila nikihesabu hazitimii. Nadhani uzee umenifika kichwani." Akaniambia na bintiye ameanza kumwambia aache kuuza, akae nyumbani, kwa sababu anasahau.

Dada yangu, yule bibi alikuwa anajishuku mwenyewe. Konzi zangu mbili za kila siku zilikuwa zimeingia hadi kwenye akili ya mtu zikamwambia kwamba hayuko sawa. Na mimi je? Nilimjibu, "Labda mbaazi za msimu huu hazivimbi, bibi." Nikampimia kwa mkebe ule ule. Akasema Mungu akubariki, akaondoka polepole na kikapu chake.

Siku hiyo sikuweza kula. Jioni, tulipokuwa tukifunika meza, nilimwambia yule mzee wa nazi wa jirani yangu. Sijui kwa nini nilimchagua yeye; labda kwa sababu huwa hasemi sana. Kabla sijamaliza akaniambia, "Nilikiona kitako siku ya kwanza." Akaniambia kwamba katika Kurani iko sura inayoanza kwa kuwaonya wapunjao, wale ambao wakipimiwa wao hutaka kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. "Nilikuwa nakuombea dua uache mwenyewe," akasema. Kisha akaingia kuswali Magharibi akaniacha nimesimama. Mtu wa dini nyingine alikuwa akiniombea siku zote hizo ambazo mimi nilikuwa nikitoa ushuhuda kanisani.

Usiku nikafungua Biblia mahali pa mana, Kutoka 16. Nimesomewa sura hiyo tangu utotoni, lakini siku hiyo macho yangu yaliangukia maneno mawili: "kichwa pishi". Kila mtu kipimo chake, pishi moja. Pishi hii hii ya bibi zetu wa pwani, vibaba vinne, ndiyo waliyoitumia waliotutafsiria. Mungu wa mbingu na nchi aliwapimia watu chakula kama mimi ninavyopima sokoni, na hakumpunja mtu. Aliyeokota vingi hakubakiwa, aliyeokota kichache hakupungukiwa. Na waliosaza hadi asubuhi kwa kuogopa kesho, kikaingia mabuu na kutoa uvundo. Nikautazama mkebe wangu pale kwenye mkeka. Lile bonde la kitako ndiyo kesho yangu niliyokuwa nimejiwekea, nikiichota kwenye sahani za yule bibi. Tamaa ya utajiri sijawahi kuwa nayo. Ni woga ulioushika ule mchi. Nilikuwa nikimwomba Mungu riziki ya leo kwa mdomo, na mkononi nimekwisha amua kwamba hatanipa.

Alfajiri nilikwenda kwa bibi. Nilikuwa nimepiga hesabu: konzi mbili kwa siku, siku tisa, konzi kumi na nane. Nikakumbuka Zakayo na mara nne yake. Ikaja karibu gorogoro tatu, nikazibeba kwenye kiroba. Nilimkuta anakoroga tui, nikapiga magoti pale kwenye mchanga uliolowa maji ya kuoshea sahani, nikamwambia yote, pamoja na ule uongo wa mbaazi zisizovimba. Aliendelea kukoroga, asije akaliacha tui likakatika. Halafu akaweka mwiko chini. "Kumbe akili yangu ni nzima," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya leso. Msamaha hakunipa siku ile. Alinipa wiki iliyofuata, na ninaona alifanya vizuri kuchukua muda wake, maana nilichomchukulia hakikuwa mbaazi peke yake.

Wengine niliowapunja siwajui. Walikuja, wakanunua, wakapanda matatu wakaenda zao Bamburi na Kisauni. Nikaugonga mkebe kutoka ndani nao haukunyooka vizuri, umebaki na kibonde. Mwingine ungepatikana siku hiyo hiyo, lakini huu nimeubakiza makusudi. Kila nikipima gorogoro, naongeza konzi moja juu, nikiijaza vizuri. Wateja wageni hudhani ni nyongeza yangu ya kuwavutia. Wakinishukuru huwaambia ni haki yao.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo biashara iliinuka. Baraka alirudishwa nyumbani kwa karo akakaa wiki mbili. Mwenye nyumba alinisubiri, akinung'unika kila tukikutana kwenye ngazi. Chama kilinikopesha, na mkopo wenyewe niliumaliza juzi tu. Mana yangu ilikuwa hiyo: mwenye nyumba anayenung'unika na wanawake kumi na wawili wenye daftari la chama. Lakini nilipita, na hakuna aliyelala na mashaka juu ya akili yake kwa ajili yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza namwamini Mungu vipi, jibu langu ni dogo. Namwamini kwa konzi moja, kwa mteja aliye mbele yangu, kisha kwa anayefuata. Siku yenye wateja arobaini huwa ni mara arobaini, na kuna mara nyingine mkono huwa mzito, hasa jioni gunia likikaribia mwisho. Imani ya kubeba mwaka mzima kwa pamoja sina, wala sijaona mahali tulipoagizwa tuwe nayo. "Yatosha kwa siku maovu yake," alisema Bwana, na ninaona alisema kwa huruma.

Sasa na wewe nikuguse kidogo, usinikasirikie. Umesema jirani alikuletea unga ukamrudishia, ukamwambia mnao, na hamkuwa nao. Ule nao ni mkebe uliobonyea, Mama Neema. Elia, nabii mzima, aliingia Sarepta akaomba maji na kipande cha mkate kwa mjane ambaye hakuwa na kitu ila konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa. Isome tena 1 Wafalme 17. Neno lenyewe ndilo hilo, konzi. Elia hakuona aibu kuomba, na nyumba ile ikala siku nyingi kwa sababu mmoja alikubali kutoa na mwingine akakubali kupokea. Ungemwachia yule jirani naye nafasi yake. Nenda kesho umwombe, umwambie ulisema uongo kwa aibu. Nina hakika unga bado upo.

Na Baba Neema mwambie shemeji yake anamsalimu sana. Hiyo kazi ya kibarua kwenye shamba la mkonge anayoiona si ya dereva, akaifanye. Sisemi ni rahisi kwa mwanamume aliyeshika usukani miaka kumi na mitano. Miiba ile inakata na jua la Voi nalijua. Lakini mshahara wa Jumamosi utakuwa ni riziki aliyoiomba, hata kama haikuja kwa mlango aliokuwa akiutazama. Na huyo mhubiri akirudi na habari za mbegu, msomeeni Yakobo sura ya pili, pale mtu anapoambiwa "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", bila kupewa kitu. Msomeeni kwa heshima, lakini msomeeni hadi mwisho.

Habari nyingine si nyingi. Kanisani tumebadilisha paa upande wa kwaya. Mzee wa nazi alifanyiwa operesheni ya jicho, sasa anaona vizuri na amekuwa mwepesi wa kuzungumza kuliko zamani. Baraka ameongezeka urefu hata viatu vya Desemba havimwingii. Nitavituma kwa ajili ya mdogo wake Neema.

Yule kijana wa basi anapanda Voi kesho asubuhi. Nimempa kiroba cha mbaazi, nimekifunga kwa kamba ya buluu ili msikipoteze kati ya mizigo. Ndani kuna gorogoro mbili, na konzi zake mbili.

Nakupenda sana, na kila alfajiri nakutaja.

Wako,
Mama Baraka